Kutenda bila kung'ang'ania matunda: Bhagavad Gita inatuagiza nini hasa kuhusu kazi?

Mleta uzi

Wakuu, salaam nyingi.

Kuna ubeti mmoja wa Bhagavad Gita ambao watu husambaziana kwenye simu, mara nyingi ukiwa umefupishwa kuwa "fanya kazi, usijali matokeo". Naleta uzi huu kwa sababu naamini Gita haikusema hivyo. Anayeishi kwa ufupisho huo anaweza kuishia kuwa mzembe mwenye kisingizio cha dini, ilhali aliyeusoma ubeti huo pamoja na sura zinazoufuata hukutana na nidhamu ya kazi iliyo kali mno.

Ubeti wenyewe ni wa 47 katika sura ya pili. Kwa wasioifahamu Gita, ni mazungumzo yaliyomo katika kitabu cha sita cha utenzi mkuu wa Mahabharata, yenye sura 18 na beti 700. Majeshi mawili ya ukoo mmoja yamejipanga katika uwanda wa Kurukshetra. Arjuna, mpiga upinde hodari, anamwomba mwendesha gari lake la farasi, ambaye ni Krishna, Mungu aliyetwaa umbo la binadamu, amsogeze katikati ili awatazame watakaopigana. Anaowaona ni babu yake Bhishma, mwalimu wake Drona, wajomba, binamu na marafiki. Kinywa kinamkauka, mwili unamtetemeka, upinde wake uitwao Gandiva unamponyoka mkononi, naye anaketi ndani ya gari akisema kwamba hatapigana.

Kwa maneno yangu, ubeti huo unasema: haki yako iko katika kutenda peke yake, kamwe haiko katika matunda, usitende kwa kusukumwa na tunda, wala usishikamane na kutotenda. Vipande ni vinne, na wasambazaji huacha kile cha mwisho. Krishna alijua kwamba mtu akishaambiwa matunda si yake, fikra ya kwanza itakayomjia ni kuweka jembe chini, kwa hiyo akaufunga mlango huo palepale.

Inafaa pia kukumbuka mafundisho haya yalikuwa yakijibu nini. Katika dini ya Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, tendo lililopewa uzito kuliko yote lilikuwa ibada ya sadaka, na sadaka nyingi zilitolewa kwa shabaha iliyotajwa waziwazi: atakaye mbingu ana ibada yake, atakaye mtoto wa kiume ana yake, atakaye mvua vilevile. Wanazuoni wa Mimamsa, yaani shule ya falsafa iliyofasiri ibada za Veda, waliziita ibada za namna hiyo kamya, yaani za kutaka kitu, wakazitenga na zile za wajibu wa kila siku ambazo mtu huzitimiza kwa sababu zimempasa. Kuanzia ubeti wa 42 wa sura hiyohiyo, Krishna anawakemea waliojaa tamaa, wanaofurahia maneno ya Veda yenye maua mengi na ambao kwao mbingu ndiyo mwisho wa yote. Mimi naona alichofanya ni kuchukua roho ya zile ibada za wajibu na kuitia katika kila kazi ya binadamu.

Lakini kwa nini matunda yasiwe haki yangu, nami ndiye niliyetoka jasho? Jibu limo katika sura ya 18, ubeti wa 14. Krishna anataja mambo matano yanayokutana ndipo tendo lolote litimie: mahali pa tendo, ambapo wafasiri wengi wanasema ni mwili, mtendaji, vyombo vya aina mbalimbali, juhudi za namna nyingi, na la tano ni daiva, ambalo wengine hulifasiri kuwa majaliwa na wengine kuwa nguvu za kimungu. Ubeti wa 16 unaongeza kwamba anayejiona kuwa yeye peke yake ndiye mtendaji haoni sawasawa. Tunda basi ni la watano, nami ni mmoja wao tu. Hilo si fumbo. Ni maelezo ya jinsi kazi zinavyokwenda, na yeyote aliyewahi kupanda mbegu nzuri katika mwaka wa ukame anayajua bila kufundishwa.

Sasa wanaosema "usijali matokeo" wausome ubeti wa 25 wa sura hiyohiyo. Gita inayagawa matendo kwa sifa tatu za maumbile, na tendo la tamas, yaani la giza, ni lile linaloanzwa kwa upumbavu bila kuangalia litazaa nini baadaye, litaleta hasara gani, litaumiza nani, na kama mtendaji analiweza. Maana yake ni kwamba kupima matokeo kabla ya kuanza ni sharti. Kinachokatazwa ni kuyamiliki: kulifanya tunda liwe sababu pekee ya kuamka asubuhi, kipimo cha thamani yako, na deni ambalo dunia lazima ikulipe. Ubeti unaofuata unamweleza mtendaji aliye bora kuwa hashikamani, hana majivuno ya "mimi", ana uthabiti na ari, na habadilishwi na kufaulu wala kushindwa. Ari imetajwa pale waziwazi, kwa hiyo anayefanya kazi kinyongenyonge akidai ameachilia matunda ameuacha nusu ubeti.

Gandhi aliliweka jambo hili wazi kuliko wengi. Utangulizi wa tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati, aliyoiita Anasakti Yoga, aliuandika mwaka 1929 huko Kausani, kwenye vilima vya Himalaya, na kitabu kikatoka tarehe 12 Machi 1930, siku ileile alipoondoka kwa miguu katika ashramu (makao ya kiroho) ya Sabarmati kwenda Dandi kuvunja sheria ya chumvi. Anasema humo kwamba kuachilia matunda si kutojali matokeo. Mtu ajue tokeo linalotarajiwa, njia ya kulifikia na uwezo wake mwenyewe, kisha, akiwa na hayo yote, asilitamani, bali azame katika kuitimiza kazi iliyo mbele yake. Mtu aliyepanga kituo baada ya kituo mwendo wa kilomita 385 hivi, na kabla ya kuondoka akamwandikia barua Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, kumweleza atakalofanya, hakuwa mtu asiyejali matokeo.

Namalizia na kisa kimoja kutoka kitabu cha 12 cha Mahabharata, ambacho Bhishma anamsimulia Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna. Jajali alikuwa mtawa aliyesimama kama nguzo bila kujongea, hata ndege wawili wakajenga kiota ndani ya nywele zake zilizosokotana. Hakutikisika. Ndege wakataga, mayai yakaanguliwa, makinda yakaota mbawa, yakawa yanaruka na kurudi, mpaka siku moja yalipokwenda moja kwa moja. Jajali alipoona hayarudi tena, alijipiga mikono kwa furaha akapaza sauti kwamba ameupata wema wote. Sauti ikamjibu kutoka juu kuwa hajamfikia Tuladhara, mfanyabiashara wa Varanasi. Jajali akasafiri kwa hasira kwenda kumtazama, akamkuta dukani, amezungukwa na bidhaa. Tuladhara alinyanyuka akamkaribisha, akamsimulia yeye mwenyewe habari za wale ndege kabla mgeni hajafungua kinywa. Kisha akaeleza maisha yake: ananunua kwa watu manukato, rangi, mizizi na vimiminika vya kila namna isipokuwa pombe, anauza bila hila, hampendelei mtu wala hamchukii mtu, na mizani yake ni ileile kwa viumbe wote.

Mtawa aliyeacha kila kitu ndiye aliyekuwa amekumbatia tunda, na mwenye duka, anayehesabu faida kila jioni, ndiye aliyekuwa huru. Karibuni tujadili.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, ahsante kwa uzi uliotulia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha kidato cha nne. Matokeo ya taifa yakitoka, jina la shule na somo langu huwekwa hadharani, na wazazi, mkuu wa shule na ofisi za elimu wote hunitazama mimi. Naelewa vizuri hoja ya mambo matano, ila naomba unieleze kwa vitendo. Asubuhi nikiingia darasani na chaki mkononi, kuachilia matunda kunafanyikaje?

Mleta uzi

Mwalimu, nashukuru kwa swali lenye miguu ardhini.

Kabla ya darasa, pima. Lengo la mtihani lijue, mada zinazowashinda wanafunzi zijue, na uwezo wako ujue. Hiyo ni kazi halali kabisa, na ule ubeti wa 25 unakulazimisha kuifanya.

Ukiwa ndani ya darasa, sura ya tatu na ya nne zinatupa mfano wa ibada ya moto. Mwenye ibada huchota samli kwa kijiko, huimimina motoni akitamka "svaha", kisha husema: hii ni ya Agni, mungu wa moto, si yangu. Kijiko kinachofuata, maneno ni yaleyale. Angalia kwamba maneno ya kuachilia yanasemwa wakati samli inatoka mkononi, hayangoji mwisho wa ibada. Krishna anamtaka mtu aifanye kazi yake yote kwa namna hiyo, na katika ubeti wa 27 wa sura ya tisa anasema lolote utendalo, unalokula, utoalo, lifanye liwe sadaka kwake. Kipindi chako cha dakika 40 ni samli iliyokwisha kumiminwa, na kinachobaki mkononi mwako ni kipindi kinachofuata.

Kuna dalili moja ya kujipima ambayo naiamini kuliko zote, nayo ni hasira. Beti za 62 na 63 za sura ya pili zinaonyesha mnyororo: mtu akikiwazia kitu muda mrefu, hushikamana nacho; mshikamano huzaa tamaa; tamaa huzaa hasira; hasira huzaa bumbuwazi, kumbukumbu huyumba, na akili huangamia. Mwalimu anayemfokea mtoto mzito wa kuelewa, mara nyingi hamkasirikii mtoto. Amekasirikia wastani wa somo unaoshushwa na mtoto huyo. Ukiisikia hasira ya namna hiyo ikipanda, jua kwamba macho yametoka kwa mwanafunzi yamekwenda kwenye tunda, na yarudishe. Nadhani hapa ndipo fundisho hili linapoifanya kazi yenyewe iwe bora, maana mtoto yule sasa amepata mwalimu mzima.

Matokeo yakishatoka, walimu wa Vedanta, mojawapo ya shule kuu za falsafa ya Kihindu, wa zama zetu hufundisha kuyapokea kama prasada. Waliowahi kuingia hekaluni siku ya Diwali, iwe Mombasa au Kisutu pale Dar es Salaam, wamewahi kupewa kitamu kilichokwisha kutolewa mbele ya mungu. Unakipokea kwa mkono wa kulia, wala huchagui kipande. Kupokea hakukuzuii kukaa siku ya pili na kutafuta ni maswali gani yaliyowaangusha watoto. Kunakuzuia kujichukia, na kunakuzuia vilevile kujisifu mwaka ambao darasa limekuja na vipaji vyake.

Katika ashramu ya Gandhi, beti za mwisho za sura ya pili, zinazomweleza mtu mwenye akili iliyotulia, zilisomwa katika sala ya jioni. Nadhani jioni ni wakati unaofaa, kwa sababu ndipo mtu anapohesabu siku imemwingizia nini.

Binti Kilwa

Naheshimu maelezo haya, lakini nina wasiwasi ambao sitaki upite kimya. Fundisho la "tenda, usidai tunda" ni tamu sana masikioni mwa mwajiri asiyelipa kwa wakati. Pia nafahamu kwamba Gita inausifu wajibu wa mtu kulingana na tabaka lake, na kwamba katika ubeti wa 35 wa sura ya tatu inasema ni heri wajibu wako hata ukiufanya kwa kasoro kuliko wa mwingine. Je, mfagia choo wa India aliyezaliwa katika kazi hiyo aliambiwa nini na ubeti huu kwa karne zote hizo?

Mleta uzi

Dada, swali hili ni zito na halina jibu jepesi.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa kuwa wasioguswa, na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliisoma Gita kwa jicho hilohilo. Katika maandishi aliyoyaacha bila kuyamaliza, alisema kwamba Gita iliupatia mfumo wa matabaka manne utetezi wa kifalsafa kwa kuufungamanisha na nadharia ya sifa tatu za maumbile. Ubeti wa 13 wa sura ya nne na beti za 41 hadi 48 za sura ya 18 zipo, zinasomeka, na mtu mwaminifu hawezi kuzifuta. Wapo wanaojitetea kwamba Krishna alisema tabaka hutokana na sifa na matendo, hakutaja kuzaliwa. Utetezi huo una nguvu kiasi, ila historia ya vijiji vya India haikuufuata, nami sioni haki ya kuutumia kumnyamazisha aliyeumia.

Kuhusu mwajiri, hapo Gita yenyewe ina la kusema. Anayeambiwa aachilie tunda ni mtendaji, tena anaambiwa na rafiki yake, kwa ajili ya uhuru wake mwenyewe. Hakuna ubeti unaompa mtu ruhusa ya kulichuma tunda la mwenzake. Kinyume chake, ubeti wa 12 wa sura ya tatu unasema anayekula alichopewa bila kurudisha chochote ni mwizi, na unaofuata unasema wanaopika kwa ajili yao peke yao wanakula dhambi. Ukisoma kwa mpangilio huo, mwajiri asiyelipa ndiye anayetajwa. Mfanyakazi anaweza kudai mshahara wake mahakamani kwa bidii zote, na bado akawa ameachilia, kwa sababu kudai haki ni tendo, nalo lina masharti yaleyale kama matendo mengine. Gandhi hakuacha kudai.

Mzee wa Baraza

Vijana wangu, nawasoma kwa furaha. Sisi Waislamu wa pwani tumelelewa kwenye tawakkul: mfunge ngamia wako, kisha umtegemee Mwenyezi Mungu. Tena waswahili husema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Naona tunakaribiana. Ila nina shaka moja. Arjuna alikuwa anauliza swali la maana: vita hivi vitaua watu wangu, kuna faida gani? Krishna akamhamishia kwenye wajibu. Je, hapo hakuambiwa ayafumbie macho matokeo?

Mleta uzi

Shikamoo Mzee wangu.

Shaka yako ni ya watu wakubwa. Amartya Sen, mchumi wa Bengal aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, amekuwa akimtetea Arjuna kwa hoja hiyo, kwamba matokeo ya tendo ni sehemu ya kulihukumu tendo. Na utenzi wenyewe unampa Arjuna nguvu, kwa kuwa baada ya vita kinakuja kitabu kizima cha wanawake wanaowatafuta waume na wana wao kati ya maiti, na mshindi Yudhishthira hana furaha na kiti cha enzi alichokipata. Nikisoma kurasa zile, siwezi kusema kwamba Krishna alimaliza mjadala.

Ninaloweza kusema ni kwamba hofu ya Arjuna ilikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika. Moja ni hesabu ya madhara, nayo ni halali. La pili ni huzuni ya kwamba hawa ni wake. Wangekuwa wageni, angekwisha kupiga mishale, kama alivyofanya katika vita vingine. Krishna alishughulika na hilo la pili. Na baada ya sura zote hizo, katika ubeti wa 63 wa sura ya 18, anamwambia Arjuna alitafakari lote kikamilifu, kisha afanye apendavyo.

Kuhusu tawakkul, ukaribu upo, hasa katika kuunganisha juhudi na kukabidhi. Tofauti naiona kwenye thawabu. Muumini wa Kiislamu anatenda kwa ikhlasi huku ameahidiwa malipo ya akhera na anaruhusiwa kuyatumaini, ilhali Gita inataka hata hamu ya pepo iwekwe chini.

Kalamu ya Risasi

Naomba kuuliza la mwisho, kwa sababu limenitatiza tangu nianze kusoma falsafa ya Kihindu. Shankara, mwanafalsafa mkuu wa Vedanta, anasema kazi husafisha moyo tu, na kinachookoa ni maarifa. Kwa hiyo mwenye maarifa hana haja ya kazi. Kama ni hivyo, kutenda bila matunda ni ngazi ya kupandia tu, halafu inaachwa? Na asiyeamini Mungu, sadaka hiyo anamtolea nani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, umegusa mgogoro wa kale. Shankara, wa karne ya nane, anasoma Gita kama ulivyoeleza. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Vedanta, karne tatu baadaye, anaiona kazi kuwa ibada kwa Mungu, ambayo mja haichoki hata akishajua. Kisha yupo Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India. Waingereza walimhukumu mwaka 1908 kwa uchochezi, wakampeleka gerezani Mandalay, Burma, na huko akaandika kwa Kimarathi kitabu kikubwa cha Gita Rahasya, kilichochapishwa mwaka 1915. Hoja yake kuu ni kwamba Gita inamtaka mwenye maarifa aendelee kutenda. Mimi niko upande wa Tilak katika hili, kwa sababu ya sura ya tatu: Krishna anajitaja mwenyewe kuwa hana lolote analolihitaji katika dunia zote tatu, na bado anatenda, maana akikoma watu watamfuata, na dunia itaharibika. Kabla ya hapo amemtaja mfalme Janaka, aliyefikia ukamilifu akiwa kwenye kazi za utawala, na anampa Arjuna sababu ya kutenda isiyotegemea faida ya mtu mwenyewe, yaani kuwashikamanisha watu na kuulinda ulimwengu usisambaratike, jambo ambalo Gita huliita lokasangraha.

Kwa asiyeamini, Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alijibu katika mihadhara aliyoitoa New York mwishoni mwa karne ya 19, kwamba mwenye kushika njia ya kazi halazimiki kuamini fundisho lolote, hata Mungu, na akamtaja Buddha kuwa kielelezo cha mtendaji asiye na nia ya kujipatia kitu. Ramanuja asingekubali, na ninaelewa kwa nini, maana yale maneno ya ibada ya moto yanamtaja mpokeaji kwanza ndipo yanasema "si yangu", na ni vigumu kukiachilia kijiko bila kuwepo wa kukipokea. Asiye na Mungu nadhani atampata mpokeaji katika lokasangraha: mwanafunzi wa Mwalimu aliyeuliza hapo juu, mnunuzi aliyesimama mbele ya mizani ya Tuladhara, mtu yeyote ambaye kazi ile itamfikia.